Loki Mbovu ni Dari Isiyo na Ukingo



Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo huenda mtashangaa kulikuta katika ukurasa wa akina mama: loki za milango ya gari kuukuu. Najua wapo watakaosema, "Hayo ni mambo ya baba na fundi wake." Hata mimi nilisema hivyo kwa muda wa miezi minane, na nusura tumpoteze mtoto kwa sababu hiyo.

Gari la baba watoto

Baba watoto analipenda sana gari lake. Ni gari la michezo kutoka Japani, la mwaka 1995, la milango miwili. Lilishuka bandarini Dar es Salaam likiwa limekwisha kutumika miaka mingi huko lilikotoka. Jina la kampuni silitaji, maana kosa si la aliyelitengeneza. Milango iliyofunguliwa na kufungwa kwa karibu miaka thelathini ina haki ya kuchoka, kama magoti yetu.

Magari ya aina hii wengi mnayajua. Ni yale ya chini, yenye boneti ndefu na milango mirefu, kama vile Toyota Celica na Honda Prelude. Vijana wa miaka ya 1990 waliyaota usiku. Leo vijana hao ni baba wa watu, na nyuma ya magari yao mmefungwa viti vya watoto.

Ubovu wa gari letu haukuja siku moja. Kwanza rimoti iliacha kufanya kazi, tukatumia ufunguo. Kisha mlango wa kushoto ukawa haufunguki kutoka nje. Tukajifunza kuingia upande wa dereva, kunyoosha mkono na kuvuta pini ya loki kutoka ndani. Mwishoni ilitokea kwamba gari likipita kwenye shimo, au mlango wa dereva ukifungwa kwa nguvu, pini zote mbili zinashuka zenyewe: tak! Tulicheka, tukasema gari lina pepo. Tukazoea.

Jumapili moja ya Februari mwaka 2023, hapa Morogoro, tulitoka ibadani yapata saa saba mchana. Mdogo wangu alikuwa amekuja kututembelea pamoja na mwanawe wa miaka miwili na nusu. Tulimkalisha mtoto katika kiti chake nyuma ya dereva, tukamfunga mkanda. Baba watoto alikuwa akizungumza na mzee wa kanisa. Mimi niliweka mkoba na ufunguo wa gari juu ya kiti cha mbele, nikatoka kidogo kupokea sufuria zetu zilizotumika kwa chakula cha kwaya. Mikono yangu ikiwa imejaa, niliusukuma mlango kwa nyonga. Nikasikia sauti ile niliyoizoea. Milango yote miwili ilikuwa imejifunga, vioo vimepandishwa, ufunguo uko ndani, na mtoto yuko ndani.

Mwanzoni hata mtoto alicheka, akidhani tunamchezea. Tulimwonyesha kwa ishara avute pini. Mkanda ulimzuia, na hata asingefungwa, mkono wake usingefika. Ufunguo wa akiba ulikuwa nyumbani, mwendo wa kilomita nne. Kijana mmoja wa kwaya akapanda bodaboda kwenda kuuchukua.

Dakika kumi zikapita. Mtoto akaanza kulia, nywele zake zimelowa jasho. Mdogo wangu akasema, "Dada, tuvunje kioo."

Hapa nina jambo la kuungama mbele yenu. Mimi ni muuguzi wa zaidi ya miaka ishirini. Nimewahi kupokea watoto waliozidiwa na joto. Lakini nilisimama pale nikifikiri kwamba kioo cha gari hili hakipatikani kwa urahisi, na nikifikiri uso wa mume wangu utakuwaje. Nikajibu, "Tusubiri kidogo, bodaboda anakaribia."

Kisha kilio kikapungua. Mama mmoja akasema, "Mungu ashukuriwe, ametulia." Ndipo nikashtuka, maana mtoto anayenyamaza kwenye joto kali hajatulia, bali anaishiwa nguvu. Nikamwita baba watoto kwa sauti. Hakuniuliza hata swali moja. Alichukua nyundo ya mafundi waliokuwa wakijenga ofisi ya mchungaji, akazunguka upande wa kushoto, mbali na mtoto, akapiga kona ya kioo. Pigo la pili kikamwagika chote.

Tulimtoa mtoto akiwa wa moto na amelegea, lakini anatutambua. Tulimvua nguo, tukampeleka kivulini, tukamlowesha maji na kumpepea kwa vitenge, tukampa maji kidogo kidogo, kisha tukampeleka kituo cha afya. Jioni alikuwa akicheza. Yule kijana wa bodaboda alirudi na ufunguo dakika tisa baada ya kioo kuvunjwa. Dakika hizo tisa nazikumbuka kila ninapopita mahali pale.

Joto ndani ya gari

Wengi wetu tunadhani hatari ni kumwacha mtoto garini kwa saa nyingi. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walitangaza matokeo ya kupima joto ndani ya gari lililoegeshwa juani, katika siku ambazo joto la nje lilikuwa kati ya nyuzi 22 na 36 hivi. Kwa muda wa saa moja joto la ndani lilipanda kwa wastani wa nyuzi 22, na asilimia 80 ya ongezeko hilo ilitokea katika nusu saa ya kwanza. Maana yake ni kwamba nje kukiwa na nyuzi 30, nusu saa inatosha kufikisha ndani ya gari karibu nyuzi 48. Kuacha kioo wazi kidogo hakukusaidia kitu cha maana.

Mwili wa mtoto mdogo hupata joto upesi kuliko wa mtu mzima, mara tatu hadi tano. Joto la mwili likifika nyuzi 40, ubongo na viungo vingine huanza kuharibika. Huko Marekani, ambako hesabu hutunzwa, zaidi ya watoto 900 wamekufa kwa joto ndani ya magari tangu mwaka 1998. Wengi walisahauliwa. Lakini wengine waliingia wenyewe kucheza katika gari lililoegeshwa nyumbani, wakashindwa kutoka. Hawa wa mwisho ndio wanaotuhusu sana sisi wenye magari mabovu uani.

Gari la milango miwili linahitaji uangalifu wa pekee. Anayekaa nyuma hana mlango wake, na mara nyingi kioo cha pembeni yake hakifunguki kabisa. Ili atoke, lazima mlango wa mbele ufunguke na kiti cha mbele kisogezwe. Mlango mmoja ukigoma, umebaki mmoja tu kwa watu wanne. Katika gari la namna hii loki ni jambo la uhai.

Kuuchunguza mlango

Baada ya tukio hilo nilikwenda mwenyewe kwa fundi pamoja na baba watoto. Niligundua kwamba kutafuta ubovu wa loki hakutofautiani sana na kumpokea mgonjwa. Humpi dawa kabla ya kumuuliza maswali. Haya ndiyo maswali ambayo mama yeyote anaweza kuyajibu kabla gari halijafika gereji.

Swali la kwanza: ni mlango mmoja au yote? Magari mengi ya tangu miaka ya 1990 yana sentro loki, yaani mtambo unaofunga milango yote kwa pamoja. Ndani ya kila mlango kuna mota ndogo inayosukuma kijiti cha chuma, nacho kijiti huifunga au kuifungua loki. Ikiwa milango yote imegoma kwa wakati mmoja, usianze kubomoa mlango. Angalia kwanza betri ya gari, kisha fyuzi, kisha swichi iliyoko mlango wa dereva, maana huo ndio unaoamrisha mingine. Ikiwa ni mlango mmoja tu, ugonjwa umo ndani ya mlango huo au katika nyaya zake.

Swali la pili: unasikia sauti gani? Mwombe mtu abonyeze swichi huku wewe umeweka sikio kwenye mlango. Kukiwa kimya kabisa, yaelekea umeme haufiki au mota imekufa. Ukisikia mota ikifanya kazi lakini pini haisogei, kijiti kimechomoka. Vijiti hivi hushikwa na klipu ndogo za plastiki, nazo zikizeeka hukatika kama vibanio vya nguo vilivyokaa juani. Pini ikisogea nusu na kurudi, ama mota imechoka, ama loki yenyewe imekazwa na vumbi na grisi iliyokauka.

Swali la tatu: ufunguo wa mkono unafanya kazi? Ikiwa rimoti haifungui lakini ufunguo unafungua milango yote, anza na kibetri cha rimoti. Wengine wamelipa fundi mara mbili kwa ajili ya kibetri. Ikiwa ufunguo unazunguka bila kugusa kitu, kijiti cha kitasa kimeachia. Ikiwa unaingia kwa shida na kuzunguka kwa kubembelezwa, jaribu ufunguo wa akiba. Mara nyingi ufunguo wa kila siku ndio umelika. Ukichonga mwingine, chonga kutoka ule ambao haujatumika sana. Ukichonga kutoka uliolika, utapata nakala ya ubovu.

Swali la nne: mlango ukiwa wazi hali hubadilika? Kati ya mlango na bodi ya gari, upande wa bawaba, kuna mpira wenye mikunjo unaopitisha nyaya. Kila mlango unapofunguliwa na kufungwa, nyaya hizo hukunjwa na kukunjuliwa. Baada ya miaka mingi hukatika ndani ya mpira, mahali ambapo macho hayafiki. Dalili yake ni kwamba loki hufanya kazi mlango ukiwa umefunguliwa kiasi fulani, na hugoma ukifungwa. Mara nyingi kioo cha umeme na spika ya mlango huo nazo huanza kusumbua wakati huo huo. Bonyeza swichi huku mtu akiusogeza mlango polepole. Pini ikianza kurukaruka, umeupata ugonjwa.

Swali la tano: mlango umeshuka? Milango ya magari ya milango miwili ni mirefu na mizito, hivyo bawaba zake hulika mapema. Fungua mlango, shika ncha yake ya mbali na uinue juu taratibu. Ukichezacheza, bawaba zimelika. Mlango ulioshuka haukutani sawasawa na kile chuma kilichoko kwenye nguzo ya gari ambacho loki hukishika. Ndiyo maana watu huubamiza. Kuubamiza huvunja klipu na kukata nyaya, na hivyo ugonjwa mmoja huzaa mwingine. Hapo hutengenezwa bawaba kwanza, chuma cha nguzoni baadaye.

Swali la sita: kuna alamu iliyoongezwa? Magari mengi yaliyokwisha kutumika yamefungwa alamu za dukani. Baadhi ya alamu hizo, ukifungua loki kwa rimoti na usifungue mlango kwa nusu dakika hivi, hujifunga tena zenyewe. Huo si ubovu, lakini usipojua utafungiwa nje.

Yale unayoweza kufanya mwenyewe

Usafi wa loki hauhitaji fundi. Fungua mlango, utaiona loki pembeni mwake. Ifute vumbi na grisi ya zamani kwa kitambaa na dawa ya kulainisha kutu, kisha ipake grisi mpya kidogo. Tahadhari: usitie grisi wala mafuta ya kupikia kwenye tundu la ufunguo. Mafuta hushika vumbi, na vumbi la huku kwetu likichanganyika nayo huwa tope. Tundu la ufunguo hulainishwa kwa unga mkavu wa risasi ya penseli. Kwangua risasi ya penseli laini, upake unga wake kwenye ufunguo, uingize na kuutoa mara kadhaa.

Fundi akifungua ubao wa ndani ya mlango, simama karibu uangalie mambo mawili. Kwanza, achomoe waya wa betri kabla ya kugusa umeme. Pili, nyuma ya ubao kuna karatasi ya nailoni iliyogandishwa. Wengi huichana na kuitupa. Kazi yake ni kuzuia maji ya mvua yanayoteremka kando ya kioo yasiingie ndani. Mwambie airudishe.

Tuliyoyakuta kwetu

Fundi wa kwanza, kabla hata ya kufungua mlango, alisema tununue sentro loki mpya pamoja na alamu. Angeziunganisha na nyaya zile zile, na hiyo ingekuwa sawa na kubadilisha bandeji bila kusafisha kidonda. Fundi wa pili alitusikiliza. Nilipomweleza kwamba loki hujifunga mlango wa dereva ukitikiswa, alikwenda moja kwa moja kwenye ule mpira wenye mikunjo. Alikuta nyaya mbili zimekatika na moja imechubuka. Ule uliochubuka ndio uliopeleka amri ya kufunga. Kila ulipogusa chuma cha bodi, mtambo ulielewa kwamba umeambiwa funga, nao ukatii.

Hakuzisokota na kuzifunga utepe, maana zingekatika tena. Alikata sehemu mbovu, akaunga nyaya mpya laini kwa risasi ya kuunganishia, na maungio akayaweka nje ya sehemu inayokunjwa. Mlango wa kushoto ulihitaji klipu moja ya plastiki na kusafishwa loki. Kazi yote ilitugharimu shilingi elfu thelathini na tano. Kioo tulichovunja kilitugharimu laki moja na elfu themanini, na tulikingoja wiki tatu. Lakini si fedha iliyoniuma. Kilichoniuma ni kwamba ugonjwa wa elfu thelathini na tano tuliulea kwa miezi minane.

Jinsi ya kumwambia baba

Jioni moja baada ya matengenezo nilimuuliza mume wangu, "Kwa nini hukulishughulikia mapema, nami nilisema mara nyingi?" Alikaa kimya, kisha akanijibu kwa upole, "Mama, kila siku ulisema 'gari lako hilo.' Mimi nilisikia unalidharau gari. Hukuniambia hata siku moja kwamba unaogopa."

Neno hilo lilinichoma, kwa kuwa lilikuwa kweli. Nilikuwa nimelalamika na kufanya mzaha, lakini sikuwa nimesema. Akina mama, kulalamika na kusema ni vitu viwili. Hospitali hatuandiki kwenye kadi ya mgonjwa, "Huyu naye amezidi." Tunaandika siku, saa, dalili, na hatua inayohitajika. Nikajifunza kufanya hivyo nyumbani. Siku hizi kuna daftari dogo kwenye droo ya gari. Anayeona kitu anaandika: "Jumanne asubuhi, mlango wa kushoto haukufunguka kutoka nje, mtoto alikuwa nyuma. Naomba tuangalie Jumamosi." Maneno ya namna hiyo hayamdharau mume wala gari lake. Nimeona kwamba husikilizwa.

Nanyi akina mama ambao gari si lenu, mnaopewa lifti kwenda kanisani au mnaopeleka watoto shule kwa gari la jirani, msione haya kuuliza, "Milango ya nyuma inafunguka?" Ni swali la adabu.

Sheria za nyumba yetu

Tangu siku ile tumejiwekea sheria chache. Ufunguo haukai juu ya kiti hata kwa dakika moja. Unakaa mkononi au shingoni. Mtoto anaingia wa mwisho na kutoka wa kwanza. Ufunguo wa akiba hukaa kwa mtu tunayekuwa naye safarini, si kabatini nyumbani. Gari lililoegeshwa uani hufungwa, na funguo hutundikwa mahali pasipofikiwa na watoto. Watoto wakubwa tumewafundisha kuhamia mbele na kuvuta mkono wa mlango, na wakishindwa wapige honi bila kuacha. Katika magari mengi honi hulia hata bila ufunguo. Jaribuni ya kwenu leo.

Ikitokea mtoto amefungiwa ndani na hakuna ufunguo karibu, msihesabu bei. Vunjeni kioo cha pembeni kilicho mbali naye. Pigeni kwenye kona kwa kitu kigumu chenye ncha, si kwa mkono mtupu. Msipoteze muda na kioo kikubwa cha mbele, kwa kuwa kimetengenezwa kwa matabaka yaliyogandishwa; hupasuka lakini hakiachii. Vioo vya pembeni vya magari haya huvunjika vipande vidogo vidogo.

Mtoto akitoka, mpelekeni kivulini, mvueni nguo, mlowesheni maji mwili mzima na kumpepea bila kukoma. Akiwa na fahamu, mpeni maji kidogo kidogo. Akiwa amelegea sana, anatapika, amechanganyikiwa au hana fahamu, msimpe kitu mdomoni. Msimpe dawa ya homa, maana hii si homa na dawa hiyo haitaishusha. Endeleeni kumpoza wakati mnampeleka hospitali, hata njiani.

Ukingo wa dari

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mstari wa 8, Mungu aliwaagiza Waisraeli kwamba mtu akijenga nyumba mpya, aweke ukingo kuzunguka dari yake, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Watu wa nchi ile walitumia dari zao kama sisi tunavyotumia baraza. Walipumzika huko, walianika huko, wageni walikaa huko.

Nimeusoma mstari huo miaka mingi nikiona ni sheria ya waashi. Baada ya Jumapili ile naona unanihusu mimi. Bwana hakungoja mtu aanguke ndipo aagize ukingo, wala hakusema kwamba maombi yatosha. Tuliomba pale uwanjani, naye alitusikia. Lakini alikuwa ametupa miezi minane ya kuujenga ukingo wenyewe, nasi tulikuwa tukicheka kila pini iliposhuka.

Kwa hiyo nawapa kazi moja ya wiki hii. Jumamosi, kabla ya maandalizi ya ibada, chukueni dakika kumi. Fungueni na kufunga kila mlango wa gari lenu, kutoka nje na kutoka ndani, kwa ufunguo na kwa swichi. Ambaye hana gari afanye hivyo kwa mlango wa choo, wa stoo na wa chumba cha watoto, maana navyo vina vitasa. Mlango unaohitaji ujanja ili ufunguke, uandikeni kwenye daftari, kisha mketi na baba watoto mkazungumze kwa upole.

Yule mtoto wa mdogo wangu sasa anasoma shule ya awali. Kila akija kwetu hulizunguka gari la baba yake mkubwa, hujaribu mlango wa kushoto kwa mkono wake mwenyewe, kisha huja kuniambia, "Mama mkubwa, unafunguka." Nami humjibu, "Mungu ni mwema."

Bwana azilinde nyumba zenu. Tukutane mwezi ujao, akitujalia uzima.